Jinsi ya Kuandaa Gari la Kale kwa Safari ya Wikendi na Klabu: Mwongozo Kamili

Msafara wa klabu unapoondoka Jumamosi asubuhi, magari yanayokwama njiani mara nyingi si yale yaliyozeeka kuliko mengine. Ni yale yaliyoegeshwa kwa miezi kadhaa, yakawashwa usiku wa kuamkia safari, yakanguruma vizuri kwa dakika kumi, na mwenye gari akaridhika. Mngurumo wa dakika kumi hauonyeshi kama rejeta itahimili mlima, wala kama breki zitashika zikishapata moto, wala kama mpira wa petroli uliokauka utavumilia saa tatu za joto la injini.

Mwongozo huu unahusu magari ya petroli yenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) na platini (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke), ambayo ndiyo mengi katika klabu hizi. Unaanza wiki nne kabla ya safari, kwa sababu kazi zilizoelezwa hapa zinahitaji nafasi ya kugundua tatizo, kuagiza kipuri na kukijaribu. Ukiwa umebakiwa na siku mbili tu na gari halijaguswa, ninakushauri upande gari la mwenzako safari hii na uliandae lako kwa safari ijayo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwa kazi ya nyumbani utahitaji kitabu cha gari lako, seti ya spana za kipimo kinachofaa (magari mengi ya zamani ya Uingereza na Marekani hutumia vipimo vya inchi, na spana ya milimita itaharibu nati), bisibisi, koleo, vibati vya kupimia mwanya, kipimo cha upepo wa matairi, jeki, stendi za kuegemeza gari na tochi. Usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Vya kubeba safarini ni hivi:

- mkanda wa feni, mipira ya juu na ya chini ya rejeta, na vibanio vyake;
- platini, kondensa (kifaa kidogo kinachofanya kazi pamoja na platini), rota na kifuniko cha distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi), plagi moja au mbili, balbu na fyuzi;
- oili lita moja, mafuta ya breki kwenye chupa ambayo haijafunguliwa, na maji lita tano;
- nyaya za kuazimia moto, kamba ya kuvutia gari, waya mwembamba na utepe wa umeme;
- pembetatu za onyo, vizibao vya kung'aa kwa kila abiria, sanduku la huduma ya kwanza, na mtungi wa kuzimia moto unaofaa kwa moto wa petroli.

Mtungi wa moto uwekwe mahali ambapo dereva anaufikia akiwa ameketi. Ukiwa chini ya mizigo kwenye buti, ni sawa na kutokuwa nao.

## Hatua ya 1: Isome ratiba kwa jicho la gari lako

Mwombe mratibu wa klabu akupe urefu wa safari ya kila siku, mwendo uliopangwa, sehemu zenye milima mirefu na vituo vya petroli. Kwa gari la miaka ya 1950 au 1960, kilomita 200 hadi 250 kwa siku ni safari ya kutosha kabisa, kwa sababu breki bila usaidizi, usukani mzito na kelele za injini humchosha dereva mapema kuliko gari la kisasa.

Kisha piga hesabu ya petroli. Gari lenye tangi la lita 40 linalotumia lita 12 kwa kilomita 100 litafika kilomita 330 kwa karatasi. Wewe panga kujaza kabla ya kilomita 250. Geji za zamani hazitegemewi sana, na katika msafara hakuna anayependa kugeuka nyuma kutafuta petroli.

Hakikisha pia kwamba bima yako inaruhusu safari za klabu. Baadhi ya bima za magari ya kale huweka kikomo cha kilomita kwa mwaka, na nyingine hutaka dereva aliyeandikwa jina tu ndiye aendeshe.

Umefaulu ikiwa unaweza kumweleza abiria wako, bila kutazama karatasi, mtajaza petroli wapi na mlima mkubwa uko wapi.

## Hatua ya 2: Matairi na breki kabla ya injini

Wengi huanza na injini kwa sababu ndiyo inayovutia. Anza na vile vinavyolishika gari barabarani, kwa kuwa injini ikigoma gari husimama, lakini breki zikigoma gari halisimami.

Tafuta tarehe ya tairi ubavuni. Tarakimu nne za mwisho wa namba ya utambulisho huonyesha wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hata kama kashata zake bado ni ndefu halifai safari. Magari ya kale hutembea kidogo, kwa hiyo matairi yake huzeeka kabla ya kuisha. Likipita miaka kumi, libadilishe. Likunje tairi kwa kidole gumba karibu na rimu na utazame kama kuna nyufa ndogo. Usisahau tairi la akiba, ambalo mara nyingi ndilo kongwe kuliko yote.

Onyo: usichanganye matairi ya radiali na yale ya nyuzi mshazari kwenye ekseli moja. Tabia zake kwenye kona ni tofauti, na gari linaweza kuserereka bila kukuonya.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya DOT 4 (DOT ni daraja la mafuta ya breki, huandikwa kwenye chupa) huchemka kwa nyuzijoto zisizopungua 230 za Selsiasi, lakini yakishafyonza maji kiwango hicho cha chini hushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu breki hupata joto kali, maji yaliyomo hugeuka mvuke, na pedali huzama hadi sakafuni. Ndiyo maana mafuta hayo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama gari halikutembea. Usichanganye DOT 5, ambayo ni ya silikoni, na DOT 3 au DOT 4. Wenye magari ya Citroën yanayotumia mafuta ya kijani ya LHM wasiguse kabisa mafuta ya breki ya kawaida, kwa sababu yataharibu mipira ya mfumo mzima.

Breki za ngoma zirekebishwe gurudumu moja moja: kaza kirekebishaji hadi gurudumu likwame, kisha kilegeze kidogo kidogo hadi lizunguke huru, likiwa na mguso hafifu tu.

Umefaulu ikiwa pedali inashikia pale pale kila ukikanyaga, ni ngumu na haibonyei kama sifongo, na gari linasimama kwa mstari mnyoofu kwenye barabara tupu hata ukishikilia usukani kwa wepesi.

## Hatua ya 3: Mfumo wa kupoza injini

Injini ikiwa baridi, kamua mipira ya rejeta kwa mkono. Mpira mzuri hurudi haraka. Ule unaotoa sauti ya kukatika kwa ndani, au uliovimba karibu na kibanio, ubadilishwe leo. Mkanda wa feni ukiusukuma kwa kidole katikati ya sehemu yake ndefu uingie takribani sentimita moja hadi moja na nusu. Ukilegea, pampu ya maji na chaji ya betri vyote vinapungua kwa pamoja.

Tumia mchanganyiko wa maji na kipoza chenye dawa ya kutu, si maji matupu. Kipoza hicho hupandisha kiwango cha kuchemka na huzuia kutu ambayo huziba njia nyembamba za rejeta. Tazama pia mapezi ya rejeta: wadudu na vumbi vilivyojaa kati yake vinatosha kulichemsha gari mlimani.

Onyo: usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Shinikizo likiachiliwa ghafla, maji hugeuka mvuke papo hapo na kurukia usoni.

Umefaulu ikiwa, baada ya mwendo wa nusu saa, mshale wa joto unatulia mahali pamoja, na hauendelei kupanda ukisimama kwa dakika tano injini ikiwa inaunguruma.

## Hatua ya 4: Petroli kutoka tangi hadi kabureta

Petroli iliyokaa kwa miezi mingi hupoteza uwezo wake wa kuwaka kwa urahisi na huacha utando wa gundi ndani ya kabureta. Itoe, weka mpya, na ubadilishe chujio.

Nchi nyingi sasa huuza petroli ya E10, yenye hadi asilimia 10 ya ethanoli. Ethanoli hulainisha au kupasua mipira ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake, na pia hung'oa uchafu wa zamani ndani ya tangi na kuupeleka kwenye chujio. Pitia mpira wote kwa vidole, kipande kwa kipande, hasa nyuma ya tangi na karibu na pampu. Ukiupinda na kuona nyufa, au vidole vikitoka na unyevu, badilisha mpira wote badala ya kipande, na utafute ule ulioandikwa SAE J30 R9, ambao umetengenezwa kuvumilia ethanoli.

Harufu ya petroli ndani ya gari isichukuliwe kuwa jambo la kawaida la magari ya zamani. Usiwashe injini hadi upate inakotoka.

Umefaulu ikiwa, baada ya kuwasha injini na kuizima, kitambaa cheupe ulichopitisha kwenye kila kiungo kinabaki kikavu.

## Hatua ya 5: Umeme na cheche

Sehemu hii ndiyo inayozimisha magari mengi, na ndiyo inayotengenezeka kwa urahisi zaidi ukiielewa.

Fungua kifuniko cha distribyuta na uondoe rota. Toa plagi ili injini iwe nyepesi, kisha izungushe polepole kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, hadi kisigino cha platini kikalie kilele cha kamu (mhimili wenye pembe unaoifungua platini). Hapo midomo miwili ya platini imeachana kadiri inavyoweza. Ingiza kibati cha unene uliotajwa katika kitabu cha gari, ambao kwa magari mengi ya silinda nne huwa karibu milimita 0.35 hadi 0.40. Kibati kipite kikigusa midomo yote miwili kwa mguso mwepesi. Kikipita bila kugusa popote, mwanya ni mpana. Kikiisukuma midomo, mwanya ni mwembamba. Legeza skrubu ya kufungia, sogeza bamba, kaza, kisha pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe husogeza bamba.

Tazama midomo hiyo kwa tochi. Ikiwa mmoja umechimbika na mwingine umeota kinundu, weka platini mpya. Paka grisi kwenye kamu, kidogo tu, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Kamu ikiwa kavu, kisigino hulika, mwanya hufunga pole pole, na injini iliyoondoka na nguvu asubuhi huanza kukohoa mchana. Ukishabadilisha mwanya, kagua pia muda wa cheche, kwa kuwa viwili hivyo huenda pamoja.

Kuhusu kondensa, nina msimamo: ikiwa iliyopo inafanya kazi, iache. Vipuri vipya vya aina hii havilingani kwa ubora, na kondensa mpya mbovu huua cheche ikishapata joto. Nunua ya akiba, ifunge, endesha nayo saa moja, kisha irudishe kwenye sanduku ukijua kuwa ni nzima. Fanya hivyo kwa kila kipuri cha umeme unachobeba.

Safisha vichwa vya betri na nyaya zake, pamoja na ule unaoshika bodi. Gari lenye dainamo (jenereta ya zamani ya kuchaji betri) halichaji ipasavyo injini ikizunguka polepole, kwa hiyo kwenye foleni za usiku taa, feni ya joto na wipa vyote kwa pamoja vinaweza kuimaliza betri. Jua pia kama gari lako lina volti 6 au 12, na kama ni chanya au hasi ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yalifungwa chanya.

Umefaulu ikiwa injini inawaka upesi ikiwa baridi na ikiwa ya moto, na taa zote, hasa za breki, zinaonekana vizuri mchana kutoka mita kadhaa nyuma.

## Hatua ya 6: Safari ya majaribio

Wiki mbili kabla, endesha kilomita 80 hadi 100 bila kukatisha, ukipita kwenye mlima na kwenye mwendo uleule wa msafara. Katikati ya safari, zima injini kwa dakika kumi na tano, kisha uwashe tena. Jaribio hili ni la lazima: joto la injini iliyozimwa hupanda na kuichemsha petroli kwenye pampu na kabureta, na gari lisilowaka hapa halitawaka kwenye kituo cha mapumziko.

Ukirudi, kaza tena nati za magurudumu, tandaza kartoni safi chini ya injini na giaboksi usiku kucha, na asubuhi usome madoa. Matone machache ya oili si hoja. Doa la kipoza au la mafuta ya breki ni hoja, hata likiwa dogo.

Baada ya jaribio hili usiguse chochote kinachofanya kazi.

## Hatua ya 7: Kupakia

Vitu vizito vikae chini na mbele ya buti, na zana ziwe juu ya mizigo. Ongeza upepo wa matairi ya nyuma kama kitabu kinavyoelekeza kwa gari lililojaa. Ikiwa gari halina mikanda ya usalama, watoto wasafiri kwenye gari lenye mikanda. Hapa sioni nafasi ya kujadiliana.

## Hatua ya 8: Kuendesha ndani ya msafara

Fika kwenye mkutano wa madereva na tangi limejaa. Andika kwenye karatasi namba ya simu ya kiongozi na ya dereva wa gari la mwisho, ambalo linapaswa kuwa na fundi au mtu mwenye zana.

Magari yagawanywe kwenye vikundi vya matano au sita, ili watumiaji wengine wa barabara waweze kupita kwa awamu. Gari lenye mwendo mdogo liwekwe nyuma ya kiongozi. Likiwekwa mwisho litaachwa, na dereva wake atalazimisha injini ili awafikie wenzake, jambo ambalo ndilo huanzisha mchemko.

Kanuni inayouweka msafara pamoja ni kwamba kila dereva ana wajibu kwa gari lililo nyuma yake. Ukifika njia panda na humwoni, simama mahali salama baada ya kona, umngoje akuone, ndipo uendelee. Aliye mbele yako naye atakungoja, na ujumbe utafika hadi kwa kiongozi bila hata simu kupigwa.

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hupita mita 22 kila sekunde. Acha nafasi ya sekunde tatu, yaani zaidi ya mita 65, kwa sababu mbele yako kunaweza kuwa na gari la breki za diski na wewe una ngoma. Kwenye mteremko mrefu, ingia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka. Ukisubiri hadi breki zinuke, umechelewa.

## Hatua ya 9: Gari likizimika

Litoe barabarani kadiri inavyowezekana, weka pembetatu, na abiria wakae mbali na barabara, wasikae ndani ya gari. Kisha jiulize lilizimikaje.

Injini iliyokatika ghafla, kama imezimwa kwa ufunguo, ina tatizo la umeme: kagua waya wa koili (kifaa kinachopandisha umeme wa cheche), rota, kifuniko na mwanya wa platini, kwa mpangilio huo. Injini iliyokohoa, ikapoteza nguvu, kisha ikafa, imekosa petroli. Siku ya joto kali, baada ya mlima au foleni, chanzo huenda ni mvuke kwenye njia ya petroli. Fungua boneti, weka kitambaa chenye maji juu ya pampu ya petroli, na usubiri dakika ishirini. Injini iliyochemka ingojewe zaidi ya hapo, kifuniko cha rejeta kikiwa hakijaguswa.

Unapoazima moto, unganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi moja kwa moja kwenye vichwa vya betri zote mbili. Ikiwa mojawapo ya magari ni la chanya kwenye bodi, bodi zake zisigusane hata kwa bampa. Usiazimishe gari la volti 6 kutoka lile la volti 12.

Ukivuta gari, kumbuka kwamba breki zenye usaidizi huwa nzito injini ikizimwa. Gari la giaboksi otomatiki libebwe, isipokuwa kitabu chake kinaruhusu livutwe.

Jiwekee kikomo cha nusu saa. Chanzo kisipoeleweka, ita gari la kubebea, na msafara uendelee, wewe ukibaki na mwenzako mmoja.

## Hatua ya 10: Jioni ya siku ya kwanza

Kabla ya kwenda kupumzika, shika kitovu cha kila gurudumu kwa tahadhari, ukianza kwa kukikaribia kwa mgongo wa mkono. Linganisha kushoto na kulia. Kimoja kikiwa cha moto mno kuliko mwenzake, breki inakwama au beringi inakufa, na ni afadhali ujue sasa kuliko kilomita 100 kutoka hapo. Pima oili gari likiwa mahali tambarare, baada ya injini kutulia. Kipoza kitazamwe asubuhi kikiwa baridi, na nati za magurudumu zikazwe tena.

## Hatua ya 11: Baada ya kurudi

Mjulishe kiongozi kwamba umefika, ili asiendelee kukutafuta. Osha matope chini ya gari na kwenye matao ya magurudumu kabla hayajakauka, kwa sababu yakishikilia unyevu huoza bati. Siku hiyohiyo, andika kila ulichokisikia, ukakinusa au ukakihisi: mtetemo kwenye mwendo fulani, gia iliyosita, petroli iliyotumika kwa kila kilomita 100. Vipuri ulivyotumia njiani vinunuliwe wiki hiyo, vifungwe na kujaribiwa barabarani, ndipo virudi kwenye sanduku.